Historia ya Kuoanisha Damu kabla ya Kumwongezea Mgonjwa

Kwa zaidi ya karne mbili, matabibu wa Ulaya waliojaribu kumwongezea mgonjwa damu walijiuliza ni damu ya nani, au hata ya mnyama gani, iliyo njema, ilhali hatari kubwa ilikuwa imejificha katika mwili wa mpokeaji mwenyewe. Mwezi Juni 1667, Jean-Baptiste Denis alimtia kijana wa miaka 15 damu ya mwanakondoo mjini Paris, akiamini kwamba damu ya mnyama asiyejua ulevi wala tamaa ni safi kuliko ya binadamu, na majira ya baridi yaliyofuata alimtia damu ya ndama Antoine Mauroy, mtu aliyekuwa na ugonjwa wa akili. Baada ya kutiwa damu mara ya pili, Mauroy alitapika, akalalamika maumivu makali ya kiuno, kisha akatoa mkojo mweusi kama masizi. Leo dalili hizo zinaeleweka vizuri, kwa kuwa mwili wake ulizivunja chembe nyekundu za ndama na rangi yake ikapita katika figo. Mauroy alipofariki, mahakama ilisema kwamba alilishwa sumu, lakini mwaka 1668 ikaamuru kwamba mtu asitiwe damu bila idhini ya Kitivo cha Tiba cha Paris, na tiba hiyo ikazimika kwa takriban miaka 150.

James Blundell, mkunga-tabibu wa London aliyeumizwa na vifo vya wazazi waliovuja damu baada ya kujifungua, aliifufua tiba hiyo mwaka 1818 akishikilia kwamba binadamu apewe damu ya binadamu tu. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, ila haikutosha, kwani baadhi ya wagonjwa walipona na wengine wakafa, na hakuna aliyeweza kutabiri yupi angepona.

Jibu lilipatikana Vienna, katika maabara ya Karl Landsteiner, ambaye mwaka 1901 alichapisha matokeo ya jaribio lililohitaji vifaa vichache mno. Alichukua damu yake na ya wenzake, akatenga seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, kisha akachanganya seramu ya kila mmoja na chembe nyekundu za kila mwingine. Baadhi ya michanganyiko ilitulia, na mingine ikafanya chembe zishikamane mafungumafungu, jambo lililo tofauti kabisa na kuganda kwa damu kwenye jeraha. Kutokana na mpangilio huo alitambua makundi matatu, A, B na C, ambalo baadaye liliitwa O. Kundi la nne, AB, lilielezwa mwaka 1902 na Alfred von Decastello na Adriano Sturli. Juu ya chembe nyekundu kuna antijeni, yaani alama ambazo mwili huzitambua kuwa zake au ngeni, na ndani ya majimaji ya damu kuna kingamwili, yaani protini zinazonasa alama ngeni. Mwenye kundi A ana kingamwili dhidi ya B, mwenye B ana dhidi ya A, mwenye O ana zote mbili, na mwenye AB hana hata moja. La kustaajabisha ni kwamba mtu huwa nazo tangu utotoni ingawa hajawahi kuongezewa damu.

Landsteiner mwenyewe alidokeza kwamba ugunduzi huo ungeweza kueleza matokeo yanayotofautiana ya kuongeza damu, lakini matabibu wengi hawakuufuatilia. Reuben Ottenberg wa New York ndiye aliyeanza, mwaka 1907, kupima damu ya mgonjwa na ya mchangiaji kabla ya kuziunganisha, na heshima anayostahili ni kubwa kuliko anayopewa, kwa sababu aligeuza maarifa ya maabara kuwa desturi ya wodi. Hata hivyo desturi hiyo ilitatizwa na majina: Jan Janský mwaka 1907 na William Moss mwaka 1910 waliyapa makundi namba, lakini kundi I la Janský lilikuwa O na kundi I la Moss lilikuwa AB, hivi kwamba hospitali mbili zilizotumia namba ileile zingeweza kumaanisha damu zinazopingana kabisa.

Hata makundi yalipolingana, hatari haikuisha: mwaka 1939, Philip Levine na Rufus Stetson walieleza habari za mwanamke aliyejifungua mtoto mfu, kisha akadhurika alipoongezewa damu ya mumewe, ingawa wote wawili walikuwa wa kundi O. Seramu yake ilishikamanisha chembe za wachangiaji 80 kati ya 104 wa kundi lililomfaa. Mwili wake ulikuwa umetengeneza kingamwili dhidi ya antijeni ambayo mtoto aliirithi kwa baba, antijeni ya mfumo uliopewa jina la Rh baada ya kazi ya Landsteiner na Alexander Wiener ya mwaka 1940.

Kingamwili nyingi za aina hiyo hujibandika kwenye chembe bila kuzishikamanisha, kwa hiyo mpimaji wa wakati huo aliona mchanganyiko uliotulia na kuidhinisha damu ambayo ingemdhuru mgonjwa. Mwaka 1945, Robin Coombs, Arthur Mourant na Robert Race wa Cambridge walizifichua kwa kuziosha chembe, kisha kuziongezea seramu ya sungura iliyochochewa dhidi ya protini za binadamu, ambayo huziunganisha kingamwili zilizojibandika hadi chembe zishikamane na kuonekana kwa macho. Tangu hapo kuoanisha damu kukawa na hatua mbili, ya kwanza ikitafuta kingamwili ambazo Landsteiner aliziona, na ya pili ikitafuta zile ambazo mbinu yake haikuweza kuzionyesha.