Marimba ilikwenda, ikarudi

Wadau, ukiwatajia vijana wa hapa Bweri muziki wa vikundi vidogo kutoka Amerika, wengi watakwambia hautuhusu. Nabisha.

Mwaka 1925 Miguel Matamoros aliunda kundi la watu watatu, Trio Matamoros, mjini Santiago de Cuba. Mwaka 1927 Ignacio Piñeiro akaanzisha Septeto Nacional, watu saba, kule Havana. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ikauza Afrika santuri za Kikuba zenye namba za GV. Mojawapo ni El Manicero, yaani muuza karanga, utunzi wa Moisés Simons. Vijana wetu wakasikiliza kwenye gramafoni, wakajifunza. Morogoro, Salum Abdallah (aliyefariki 1965) akaiita bendi yake Cuban Marimba, akaimba Kiswahili.

Sasa angalia: vikundi vya awali vya Cuba vilipiga besi kwa marímbula, sanduku lenye ndimi za chuma. Ni ndugu wa ilimba ya Wagogo. Utaalamu huo ulivuka bahari na Waafrika waliouzwa utumwani.

Anayesema dansi letu la zamani ni la kuiga tu, amehesabu safari ya kurudi, akasahau ya kwenda. Mnasemaje?