Presha Ikigoma Dawa: Kutoka Fuvu la Tarime Hadi Neva za Figo
Wadau, kupasuliwa si jambo geni kwa Wakurya. Zamani huko Tarime, mtu aliyepigwa rungu kichwani akabaki na maumivu yasiyoisha alipelekwa kwa mganga wa kupasua. Ngozi ikachanwa, mfupa wa fuvu ukakwanguliwa taratibu, bila ganzi, watu wamemshikilia. Wakisii wa Kenya nao walifanya hivyohivyo, na wengi waliishi!

Presha sasa, wengi wanadhani nayo ipo kichwani. Wapi! Mara nyingi haiumi popote. Ila nayo ilishapigwa kisu: miaka ya 1930 na 1940, Marekani, madaktari walikata neva pembeni ya uti wa mgongo. Presha ikashuka kweli, lakini mgonjwa akisimama tu, kizunguzungu. Vidonge bora vilipoingia miaka ya 1950, kisu kikawekwa kando.

Mwaka 2009 wazo likarudi kivingine. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa pajani mpaka wa figo, unaunguza neva zilizouzunguka. Jaribio kubwa la 2014 likabuma: waliotibiwa kweli hawakuwapita waliofanyiwa ya kuzuga. Vifaa vikaboreshwa, na Novemba 2023 Marekani ikaruhusu, kwa wale ambao dawa zimeshindwa kuidhibiti. Na hata hapo, wengi vidonge wanaendelea navyo. Yule wa Serengeti anayeacha dozi akijisikia freshi hayumo humo. Yake haijagoma dawa, haijazipata.