Akipigwa Miaka Saba

Mtaani kwetu Makadara hakuna mtu husema "bwana yangu ni mfungwa." Tunasema yuko ndani. Tunasema amesafiri. Wengine husema tu "yuko Kamiti", kwa sauti ile ile ya kusema mtu yuko Nakuru kikazi. Nimekulia karibu na korti, na kabla sijamaliza shule ya msingi nilishajua rimandi ni nini, bondi ni nini, na "kupelekwa Industrial Area" maanake nini. Neno moja sikuwahi kulisikia likitajwa pamoja na hayo: talaka.

Si kwamba wake wote walikuwa wakingoja. Wengine walihamia ploti nyingine na watoto, wengine walirudi ushago, wengine walianza maisha na mtu mwingine. Walichokosa ni karatasi. Nilipoanza kufuatilia historia ya karatasi hiyo, niligundua kwamba kwa muda mrefu sheria ya talaka ya Kenya haikuitaja jela hata kidogo.

Tuanze mbali kidogo, London. Mwaka 1912, tume ya kifalme iliyochunguza talaka nchini Uingereza ilipendekeza sababu mpya za kuvunja ndoa. Mojawapo ilikuwa mwenzi aliyehukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo. Bunge lao lilipobadilisha sheria mwaka 1937, lilikubali ukatili, kutelekezwa kwa miaka mitatu na wazimu usiotibika. Jela ikaachwa nje. Kenya ya mkoloni ilifuata mkondo huo huo, na sheria yake ndiyo iliyoendelea kutumika mpaka 2014. Ungeweza kumwacha mume mzinzi au mkatili. Mume aliyefungwa miaka ishirini, kama hana kosa lingine, mlibaki mmeoana.

Lakini hebu tuseme ukweli, sheria hiyo haikuandikwa ikimfikiria mama wa Pumwani ama Shauri Moyo. Ilihusu ndoa za mke mmoja. Watu wengi wa Eastlands walioana kimila, na wengi wa Majengo walioana Kiislamu, ambapo mambo yao yalikuwa kwa kadhi. Kimila, talaka ilikuwa ya koo mbili, na katika jamii nyingi mahari ilirudishwa. Fikiria basi mwanamke anayetaka kujitoa kwa mume aliye jela: lazima kwanza amshawishi babake arudishe ng'ombe au mbuzi ambao pengine walishatumika kumwozea kakake. Baba wengi jibu lao lilikuwa moja tu. Rudi ukangoje.

Halafu kuna nyumba. Mitaa ya zamani ya Eastlands ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, na mwanzoni hasa kwa wanaume walioonekana kama wapita njia mjini. Nyumba za reli, pale Muthurwa na Makongeni, zilienda na kazi. Mwanamume akipoteza kazi, familia inapoteza chumba. Kwa hivyo siku mume anapofungwa, mke hakupoteza mshahara tu. Hata mlango wa kufunga usiku ulikuwa hatarini. Kwa nini aanze kuwaza talaka wakati hajui atalala wapi?

Tarehe 24 Aprili 1954 jambo hili liliwapata watu kwa maelfu. Wakati wa Emajensi, jeshi la Waingereza liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil na kupekua mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba, likiwasaka Wakikuyu, Waembu na Wameru. Makumi ya maelfu walichujwa. Wengi wa wanaume walipelekwa kambi za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road; wanawake na watoto wengi wakasafirishwa kurudishwa mashambani.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Wengi wa wanaume wale hawakuhukumiwa na korti yoyote. Walizuiliwa kwa amri tu. Hawakupewa miaka mitatu wala kumi; walitoka pale serikali ilipoamua. Mke wa mfungwa wa kawaida angalau anaweza kuhesabu siku. Mke wa aliyezuiliwa hana cha kuhesabu. Baada ya uhuru, serikali ilijipa tena uwezo wa kuwazuilia watu bila kesi, na wake wengine wakaingia kwenye kungoja kule kule.

Mwaka 1967 Kenya iliunda tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka, nayo ikatoa ripoti mwaka uliofuata. Lengo lilikuwa kuziweka ndoa zote chini ya sheria moja. Waliotangulia kuitumia kazi hiyo ni majirani. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa mwaka 1971, na humo kifungo kikatajwa waziwazi: maisha, au muda usiopungua miaka mitano, huku korti ikiangalia urefu wa kifungo na aina ya kosa. Huku kwetu, mswada ulifika bungeni 1976 na tena 1979, ukaangushwa mara zote mbili. Baadhi ya wabunge walilalamika kwamba ungemnyima mume haki ya kumwadhibu mke wake.

Basi tukangoja mpaka 2014. Sheria ya Ndoa ya mwaka huo, kifungu cha 66, inasema ndoa ya kiserikali imevunjika kabisa iwapo mmoja wa wanandoa amehukumiwa kifungo cha maisha au cha miaka saba au zaidi. Ni sentensi fupi, na mtaani watu huielewa vibaya. Wengi hudhani lazima miaka saba ipite kwanza. La. Kinachohesabiwa ni hukumu, si siku alizokaa ndani. Na haijiendeshi yenyewe: geti la Kamiti likifungwa, ndoa bado ipo. Lazima ombi lipelekwe kortini, na aliye ndani ana haki ya kujua. Karatasi hupelekwa kwa afisa msimamizi wa gereza, naye humkabidhi. Akitaka kujibu, anajibu. Sheria pia haichagui jinsia; mume ambaye mkewe yuko Gereza la Wanawake la Lang'ata ana njia ile ile.

Ila mianya bado iko. Sentensi hiyo imewekwa kwenye ndoa za kiserikali. Ukifunga harusi kanisani, jela haitajwi. Itabidi uonyeshe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kimila ni vivyo hivyo, na kwa Waislamu kuna kadhi. Hukumu ya kifo nayo haitajwi, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2009 zaidi ya watu 4,000 waliohukumiwa kifo walibadilishiwa kuwa kifungo cha maisha. Na yule aliyekaa rimandi miaka minne kesi ikiahirishwa? Hana hukumu bado, kwa hivyo mkewe hawezi kuitumia sentensi hii. Kama mke wa Manyani, hana namba ya kushika.

Halafu kuna wale wa njoo tukae, ambao Eastlands ni wengi kweli. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kumchukulia mtu kuwa ameoa au kuolewa kwa sababu tu ya kuishi pamoja kuwe jambo la nadra. Kwa hivyo dada anayepeleka sabuni na tishu jela kila mwezi anaweza kukuta hana ndoa ya kuvunja, na pia hana haki ya mke ya kudai.

Sisemi kila mtu aachane. Najua waliongoja miaka kumi na wakafurahi waliongoja. Lakini anayengoja kwa kuchagua si sawa na anayengoja kwa kukosa njia, na mtaa wetu umewaita wote wawili wavumilivu kwa muda mrefu mno. Nikiulizwa swali hili siku hizi, sianzi na mapenzi wala aibu. Nauliza kwanza: mlifunga ndoa ya aina gani, na cheti kiko wapi?