Maadili ya Uuguzi

Maadili ya uuguzi ni kanuni zinazomwongoza muuguzi anapomhudumia mgonjwa: kuheshimu uamuzi wake, kumtendea mema, kutomdhuru, kumtendea haki na kumtunzia siri. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipitisha mwongozo wake wa kwanza mwaka 1953. Toleo jipya lilitoka mwaka 2021.

Uzito wa kanuni hizo ulidhihirika Julai 2017 mjini Salt Lake City, Marekani. Askari polisi alifika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Utah akitaka damu ya mgonjwa aliyeungua katika ajali ya barabarani na kupoteza fahamu. Muuguzi Alex Wubbels alikataa. Huku msimamizi wake akisikiliza kwenye simu, alimsomea askari masharti yaliyoandikwa na hospitali: pawe na hati ya mahakama, ridhaa ya mgonjwa, au mgonjwa awe chini ya ulinzi. Hakuna hata sharti moja lililotimia. Alitiwa pingu, akaburutwa hadi nje huku akipiga mayowe, kisha akaachiliwa bila mashtaka. Baadaye alilipwa dola 500,000, na askari yule akafukuzwa kazi.

Ujasiri wake ni wa kupigiwa mfano, lakini haukusimama peke yake: ulikuwa na maandishi nyuma yake.

Nchini Tanzania pia maadili hayo yana maandishi nyuma yake: Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inaliwezesha Baraza la Uuguzi na Ukunga kusimamia mwenendo wa wauguzi, na anayekiuka maadili anaweza kufutwa kwenye daftari la usajili.