Shisha: onyo linalobaki jikoni

Ukiagiza shisha, unaletewa nini mezani? Chupa, mpira wa kuvutia, makaa ya moto. Pakiti ya tumbaku huioni, mhudumu ameshaifungua huko nyuma. Shika hilo, tutalirudia.

Kupitisha moshi majini si jambo geni pwani yetu. Kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi chombo kizima: bori la tumbaku, digali la kushusha moshi, kiko chenye maji (mara nyingi kifuu cha nazi) na shilamu ya kuvutia. Hata ile sauti ya maji ina jina, malio. Neno nargile nalo asili yake ni nazi, kwa Kiajemi. Huko India inasimuliwa kuwa Abu'l-Fath Gilani, tabibu wa mfalme Akbar, ndiye aliyependekeza maji ili moshi usidhuru. Imani ya karne nne hiyo, na bado utaambiwa, "Maji yanachuja, bwana." Maji yanapoza tu. Monoksidi ya kaboni ya makaa inapita kama kawaida. Na kwa kikao kimoja, Shirika la Afya Duniani linasema, unaweza kuvuta moshi wenye ujazo wa sigara 100 au zaidi. Ujazo, jamani, sijasema sumu mara 100.

Sasa njoo kwenye maonyo. Marekani iliyaweka kwenye pakiti za sigara mwaka 1966, Kanada ikaongeza picha za kutisha 2001, na mkataba wa kimataifa wa tumbaku ukaanza kutumika 2005. Hesabu yake ni rahisi: anayemaliza pakiti ya sigara 20 kwa siku analiona onyo karibu mara 20.

Shisha iliponea hapo. Tangu miaka ya 1990 tumbaku yake inauzwa tamu, yenye ladha ya matunda, na baadhi ya pakiti ziliandikwa "lami 0%". Lami huzaliwa tumbaku inapoungua! Ni sawa na kuandika "majivu 0%" kwenye kiberiti. Na hata onyo la kweli likiwepo, anayelisoma ni mhudumu.

Uturuki ndiyo iliyoliona pengo hili. Mwaka 2013 ikaagiza onyo likae kwenye chupa yenyewe na kufunika asilimia 65 yake. Je, watu wameacha? Tafiti nyingi za maonyo ya shisha zimepima nia ya kuacha, na wewe unajua nia ilivyo siku ya Ijumaa usiku. Ila angalau onyo limetoka jikoni.

Huku kwetu serikali ziliruka hatua hiyo: Uganda kwa sheria ya 2015, Tanzania 2016, Kenya na Rwanda 2017, zote zikapiga marufuku. Shisha ya kificho haina pakiti ya kukaguliwa wala chupa ya kubandikwa kitu. Anayeivuta leo anabaki na lile neno la tabibu wa Akbar, kwamba maji yanachuja.