UCHUNGUZI WA MAITI, SEHEMU YA 3: KUNYAMAZA SI KUKUBALI

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nesi, hospitali inaweza kumpasua marehemu bila ndugu kukubali?" Jibu lina pande mbili. Nitalieleza kwa kisa cha Uingereza.

Sheria ya kule ya 1961 iliruhusu viungo vya marehemu vichukuliwe kwa utafiti, ilimradi wakiulizia wasione dalili kwamba ndugu wanapinga. Yaani ukikaa kimya, basi!

Mwaka 1999, kwenye uchunguzi wa vifo vya watoto waliopasuliwa moyo kule Bristol, profesa mmoja alitaja kwamba hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, ina mioyo mingi ya watoto imehifadhiwa. Wazazi wakaanza kuuliza. Kumbe walizika miili pungufu! Wapo waliorudishiwa viungo kidogo kidogo, wakazika mtoto yuleyule mara mbili, hata tatu.

Ripoti ikatoka Januari 2001. Wazazi wengine walikuwa wamesaini fomu kweli, ila neno "tishu" walilielewa kuwa vipande vidogo tu. Nani angefikiria moyo mzima?

Wazazi hao hawakunyamaza. Sheria mpya ilipitishwa 2004, ikaanza kutumika 2006. Sasa kule kuhifadhi viungo bila ridhaa ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 3.

Upande wa pili: kifo cha ghafla kisichojulikana sababu, cha kipigo, au cha mtu aliye mahabusu. Hapo afisa wa serikali anayechunguza vifo anaweza kuagiza uchunguzi, na ndugu hawana uwezo wa kukataa. Inauma, lakini fikiria mtoto aliyeumizwa na mtu wa nyumbani. Ridhaa angeitoa nani? Hata hivyo, kazi ya afisa ikiisha, kubaki na viungo kunahitaji ridhaa.

Kwetu Tanzania na Kenya pia, vifo vya aina hiyo huhusisha polisi na mamlaka za serikali.

Kwa hiyo ukiletewa fomu, hata kama machozi yanakutoka, uliza: Nani ameagiza? Mnatafuta nini? Mtachukua nini, na kitarudi lini? Usiposhiba jibu, usisaini kwanza. Una haki ya kuelewa.