Utani na Amani ya Nyumba

Kijana anapomaliza shule hukutana na mtihani usiofundishwa darasani: kuishi na mpangaji mwenzake. Wazee wetu wa Dar es Salaam waliufanya kabla yetu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo kwa kawaida ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma yake ua wenye jiko, bafu na choo. Wapangaji wa makabila mbalimbali walitumia ua huo mmoja, na ugomvi haukukosekana.

Dawa yao mojawapo ilikuwa utani. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipoteremka pwani na misafara ya pembe za ndovu, walijenga utani na makabila ya njiani, wakiwemo Wazaramo. Mtani aliweza kumwambia mwenziwe ukweli mchungu, naye hakuruhusiwa kukasirika. Desturi hiyo ikaingia mjini. Mtu akikwepa zamu ya kufagia, mtani wake alimsema kwa mzaha, watu wakacheka, ua ukafagiliwa.

Mimi nilipanga na mwenzangu niliyesoma naye hapa. Alikuwa akichelewa kutoa fungu lake la umeme. Nilinyamaza miezi mitatu. Siku nilipofungua mdomo yalitoka matusi. Hatujasemezana tangu hapo. Akija kwenye mkutano wetu, nitaanza mimi kumwamkia.

Wadogo zangu, semeni mapema, tena kwa uso mkunjufu. Neno dogo lililowekwa huoza.